Gurudumu la Mbele la Athumani

Nimefunga kibanda changu pale Ruangwa baada ya korosho za mwaka huu kuisha. Vidole havinyooki, na gololi ikidondoka siioni mpaka niikanyage. Fundi anayetafuta gololi kwa nyayo amekwisha, asidanganyike.

Nyie vijana mnaotengeneza pikipiki pale nje mmeniuliza mara nyingi mambo mawili. La kwanza, kwa nini sikukubali hata siku moja kufunga kifaa cha zamani bila kukifungua, hata kiwe hakijatumika, kimo kwenye karatasi yake. La pili, kwa nini kila baiskeli iliyokuwa inakwenda njia ya Kilimarondo niliifunga kipande cha bati kwenye spoku bila kumuuliza mwenyewe. Nilikuwa nawajibu kwa mkato, au nawafukuza. Sasa nina nafasi, nawajibu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. La tatu nililiona dirishani tu. Kila herufi hapa nimeitolea jasho, mkikuta nimekosea rekebisheni kimya kimya, kama mimi nilivyorekebisha kazi zenu na wenye pikipiki sikuwaambia.

Nilikwenda Nachingwea kijana nina shati moja. Fundi wa baiskeli pale sokoni alikuwa Mzee Ausi, mtu mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili, haongei mpaka aone kuna haja. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa sufuria la mafuta ya taa, kitambaa, na habu mpya. Habu ni kitovu cha gurudumu. Ekseli inapita katikati, na kila upande gololi zinazunguka ndani ya kikombe chake, zimebanwa na koni. Ile ya kwanza niliyopewa ilikuwa inang'aa mpaka nikaona meno yangu.

"Fungua uioshe," akasema.

"Mzee, hii mbona mpya?"

"Nani kakwambia mpya? Haijatumika. Hayo ni mambo mawili."

Kulikuwa na stoo ya mfanyabiashara mmoja aliyehama mji zamani, mimi sijazaliwa. Maboksi yake ya vifaa vya baiskeli yalikaa humo gizani miaka na miaka, hakuna aliyeyagusa, mpaka Mzee Ausi akayachukua yote. Habu, pedeli, cheni, kila kitu kimefungwa karatasi ya nta kama maiti ndogo ndogo. Nilipofungua ile habu nikatoa koni, sikuona grisi. Niliona kitu cha rangi ya asali iliyoungua, kigumu kama ulimbo, na gololi zimekwama ndani yake kama wadudu. Niliigusa moja kwa ukucha, haikutikisika.

"Hiyo imelala," Mzee Ausi akaniambia. "Kifaa kilichofanya kazi kikachoka utakijua kwa sura. Kilicholala hakina sura. Kinakutazama tu kinang'aa. Ukikifunga hivyo hivyo kitazunguka siku moja, kitakufurahisha, halafu kitafanya kinachotaka."

Kuamsha kifaa, alivyoita yeye, kulikuwa hivi. Unafungua chote. Unakilaza kwenye mafuta ya taa mpaka ule ulimbo ulainike, unaufuta, unaosha tena mpaka mafuta yabaki meupe. Unapaka grisi ndani ya kikombe, unapanga gololi, kumi kila upande kwa habu ya mbele, unarudisha koni. Unakaza mpaka mchezo uishe, halafu unalegeza kidogo sana, kiasi cha kupumua. Halafu unasikiliza. Ncha ya bisibisi unaiweka kwenye ekseli, mpini unaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, unazungusha gurudumu. Mwanzoni nilidhani ananichezea akili. Siku niliyoweka sikio kwenye habu moja ambayo sikuiosha vizuri, nilisikia kama mtu anakoroma chumba cha pili. Nilitupa bisibisi. Mzee Ausi hakucheka. Alisema, "Ioshe tena, hujaiamsha."

Jambo lililonitisha zaidi ni hili. Gurudumu lililoamshwa vizuri, ukilitundika kwenye waya ukalizungusha, halisimami kama kitu kinavyosimama. Linapunguza mwendo, linatulia, halafu linarudi nyuma lenyewe. Linakwenda mbele, linarudi, kama linatafuta kitu lilichodondosha, mpaka mdomo wa tyubu, pale pa kujazia upepo, ufike chini kabisa. Ndipo linatulia kweli.

"Usiogope," Mzee alisema. "Ni uzito wa ule mdomo wa tyubu. Habu kavu haiwezi kufanya hivyo. Likirudi, ujue grisi imekubali."

Nilielewa. Lakini ingia wewe asubuhi ndani ya kibanda, magurudumu sita yananing'inia, upepo kidogo unapita, na yote sita yanageuka taratibu, hakuna mtu, hakuna sauti. Kuelewa hakusaidii sana.

Grisi yake aliipika mwenyewe, grisi ya gari na nta ya nyuki juu ya moto mdogo, akaijaza kwenye kopo la dawa ya viatu. Kopo hilo na spana moja havikutoka mfukoni mwa koti lake, hata msikitini aliingia navyo. Halafu alikuwa na jambo lake moja ambalo fundi mwingine hakulifanya, wala mimi sikuliiga maana niliona ni mbwembwe za wazee. Alikata kipande cha utambi wa kandili, akakizungusha kwenye ekseli mle ndani nyuma ya koni, kuzuia vumbi. Kwa nje hukioni. Ukifungua habu ukakuta utambi, huna haja ya kuuliza imepita mikononi mwa nani.

Nilikaa naye miaka minne. Mwaka wa tano nilijiona nimeiva.

Siku hiyo Mzee Ausi alikuwa amekwenda msibani Kiegei tangu jana yake. Asubuhi akaja Athumani, mkulima wa Mtua, mcheshi, mrefu, aliyekuwa amefungua shamba jipya Kilimarondo. Habu yake ya mbele ilikuwa imepasuka, amesukuma baiskeli kutoka huko.

"Fundi mdogo, mkubwa yuko wapi?"

"Msibani. Kesho ndiyo anarudi."

"Kesho? Mke wangu Zaituni yuko dunguni shambani peke yake anafukuza nguruwe, leo siku ya tatu. Nitengenezee wewe. Au wewe wa kufuta spana tu?"

Watu wakacheka. Mnajua kijana akichekwa mbele ya watu anavyokuwa. Nikachukua habu moja ya lile boksi, nikaizungusha kwa vidole. Ikazunguka. Nilijua haijaamshwa, nisidanganye. Lakini kuosha na kusubiri kungekula nusu ya siku, naye amesimama pale ananitazama. Kwenye dirisha kulikuwa na chupa ya mafuta ya ufuta ambayo mama muuza maandazi alikuwa ameisahau. Nikadondoshea matone kwa nje, huku na huku, habu ikang'aa na kunukia kama kitumbua. Nikafunga gurudumu.

Huo ndio ujinga wa sisi watu wa ufuta. Tunao mwingi, basi tunafikiri unafaa kila kitu. Mafuta ya ufuta ni ya chakula. Kwenye chuma hayakai, na yakikaa yanageuka gundi. Na yale yangu hata ndani hayakufika.

Athumani akapanda, akapiga kengele kunikoga, akaondoka. Kabla hajafika nyumba za mwisho, gurudumu likaanza kulia. Si mlio wa baiskeli mnaoujua. Ulikuwa mwembamba, mrefu, unapanda na kushuka, kama mtoto aliyefungiwa ndani ya mtungi. Soko zima liligeuka.

"Athumani, umepakia nini humo?" mtu mmoja akapiga kelele. "Mshushe, anaumia!"

Athumani alicheka, akainua mkono bila kugeuka. Tulimsikia mpaka alipopotea, na baada ya kupotea tuliendelea kumsikia. Ningeweza kumkimbilia. Baiskeli inayolia vile haiendi mbio. Sikumkimbilia. Nilijitia nafuta spana.

Mzee Ausi alirudi kesho yake, akakaa kwenye kigoda chake, hakuniuliza nilifanya kazi gani. Siku ya tatu akaja mrina asali mmoja kutoka Kilimarondo na habari. Baiskeli ya Athumani imekutwa njiani, hatua kama mia mbili tu kutoka kwenye dungu la mkewe. Imeangukia kisiki, gurudumu la mbele limebaki juu. Chumvi imo kwenye mfuko, haijamwagika. Ndala moja. Nyayo za tembo zimejaa pale, wengi, lakini mvua ilikuwa imepita, huwezi kusoma lolote. Athumani hayupo. Baadaye walimtafuta wiki mbili, wakapata kofia tu.

"Na lile gurudumu," mrina asali akasema, "nilipofika asubuhi yake lilikuwa linazunguka."

"Acha uongo," nikamwambia. Nilimjua ni mnywaji.

"Wallahi. Upepo ulikuwa mdogo tu. Linakwenda, linarudi. Nilisita kulisogelea."

Mzee Ausi alimtazama. Akauliza jambo moja tu. "Lilikuwa linalia?"

"Halikulia, Mzee. Kimya kabisa."

Mzee Ausi akaweka spana chini, akaenda kukaa nyuma ya kibanda mpaka jioni. Mimi nilidhani ameshajua nilichofanya na ananiona muuaji. Na yule mrina asali nilimwita mlevi mbele ya watu, maana habu niliyoifunga mimi isingeweza kuzunguka kwa upepo. Isingeweza, na nilikuwa na sababu ya kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa sikilizeni jinsi watu walivyogawana lawama. Kipande kimoja kilinipata mimi. Fundi mdogo kafunga habu kavu, gurudumu limekamata porini, mwenzetu kashindwa kukimbia. Sikubisha. Kipande kikubwa kilimpata Zaituni. Dada yake Athumani, Mwanahawa, alisimama kwenye msiba akamwambia mbele ya wote:

"Baiskeli iliyosikika soko zima la Nachingwea, wewe huisikii hatua mia mbili?"

"Sikuisikia, wifi."

"Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa macho. Nilikuwa namsubiri."

"Ulikuwa macho na hukusikia. Basi ulisikia ukanyamaza. Sema ulikuwa na nani, au sema umempeleka wapi."

Zaituni alirudia vilevile, nilikuwa macho, sikusikia. Kadiri alivyorudia ndivyo walivyozidi kumwogopa. Kwetu mnajua neno gani linafuata hapo, siliandiki. Hawakumfukuza, maana alikuwa na watoto wa Athumani. Walimwacha akae. Kila mwaka wanaposoma hitima ya Athumani, yeye huwekewa chakula chake peke yake nyuma ya jiko, na hakuna anayekula alichopika yeye. Baiskeli ilioza. Gurudumu la mbele alilichukua, akalitundika ndani kwake, hakuna ndugu aliyethubutu kuligusa.

Tangu siku ile Mzee Ausi alianza habari za bati. Baiskeli yoyote inayokwenda Kilimarondo, hata Kiegei, alikata kipande cha bati la kopo akakifunga kwenye spoku, kikawa kinapiga kelele. Watu walilalamika. Yeye akasema, "Huko mnakokwenda si barabarani." Hakueleza zaidi. Mimi nilidhani kila bati analofunga ananisema mimi.

Nilivumilia miezi michache, nikahamia Ruangwa. Mengine ya kazi mnayajua, siwezi kuyarudia yote. Nilipata wateja, nikajenga, nyumba yangu ina bati na haivuji, anayetaka kujua nilivyofanikiwa akaitazame. Sikufunga tena kifaa kilicholala bila kukiamsha. Nilifukuza wateja kwa jambo hilo. Na bati nalo nililiendeleza, sababu yake sikuijua. Mkono ulikuwa unafanya wenyewe.

Mzee Ausi alipoumwa mara ya mwisho nilikwenda kumwona Nachingwea. Alikuwa amekwisha, amebaki mikono. Alinishika kidole akaniambia, "Lile gurudumu lilikuwa zima." Nikasema, ndiyo Mzee. Nilijua ananipoza moyo, kama wazee wanavyofanya wakitaka kuondoka. Alitaka kuongeza kitu, akatazama ukutani. Alizikwa siku tatu baadaye. Nilirudi Ruangwa na dhambi yangu ile ile.

Miaka hii ya karibuni wamekuja wafugaji kutoka kanda ya ziwa, na hao, Mungu awape maisha, bado wanaijua baiskeli. Mmoja anaitwa Masunga, anakaa na ng'ombe wake upande wa Kilimarondo. Aliniletea pedeli mbili za marehemu baba yake, hazijawahi kufungwa, zimekaa kwenye kitambaa tangu yeye hajaoa.

"Babu, zifunge nasubiri hapa hapa."

"Hizi zimelala. Njoo kesho."

"Zimelala! Sasa nikuletee uji, zikiamka zinywe?"

"Lete. Nitakunywa mimi."

Alirudi kesho yake akakuta pedeli zinazunguka kwa kupulizwa na mdomo. Akafurahi. Alipoona bati kwenye spoku akanuna.

"Sasa Babu, hii kelele? Nitakuwa kama ng'ombe mwenye kengele."

"Ng'ombe wako kwa nini unawafunga kengele?"

"Ili nijue walipo."

"Na wanyama wengine nao wajue ulipo wewe. Nenda."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, na bado sikuelewa nilichosema. Mwanadamu anaweza kushika kitu mkononi miaka thelathini na asikione.

Wiki niliyokuwa nafunga kibanda, bi mkubwa mmoja alishuka kwenye basi la Nachingwea. Amekonda, amejitanda khanga, na amebeba kitu cha mviringo kilichofungwa khanga nyingine. Alisimama mbele yangu akanitazama sana.

"Wewe ndiye fundi mdogo," akasema.

Hakuna aliyeniita hivyo tangu nitoke Nachingwea. Nilijua ni Zaituni kabla hajafungua khanga. Na nilijua kilichomo.

"Nimesikia unafunga kazi," akasema. "Nikasema nije kabla hujafunga. Lifungue hili mbele yangu. Uniambie lilikuwaje siku ile."

"Bi Zaituni, mimi nakwambia bila kulifungua. Lilikuwa kavu. Ni mkono wangu."

"Hayo nimeyasikia kwa watu. Mimi nataka gurudumu liseme. Kama lilikuwa linalia, basi mimi nilikuwa na ugonjwa, au nilisinzia bila kujua, au waliyoyasema ni kweli na mimi mwenyewe sijui. Nimezeeka, Fundi. Nimeanza kuwaamini."

Nikamwuliza kwa nini alilitundika ndani kwake miaka yote hiyo. Akajibu taratibu, kama anaeleza habari za kuku.

"Linageuka. Nikifungua mlango asubuhi upepo ukaingia, linageuka lenyewe. Linakwenda, linarudi. Mwanzo nilikuwa natoka nje. Baadaye nikazoea, nikawa nalisalimia. Mwaka huu limeanza kuchelewa chelewa, nikaogopa litasimama kabla sijalileta."

Nikarudi nyuma hatua moja. Yeye alidhani naogopa mizimu. Nilikuwa naogopa nilichofundishwa siku zangu za kwanza, kwamba habu kavu haiwezi kufanya hivyo.

Nikatundika gurudumu kwenye waya. Tairi lilikuwa limekauka na kupasuka, ringi ina kutu, lakini mdomo wa tyubu bado upo. Nililisukuma kwa kidole kimoja. Likazunguka. Likapunguza, likatulia, likarudi nyuma. Likaenda mbele. Bi Zaituni alisimama amejishika kifua. Nikaweka bisibisi kwenye ekseli na mpini nyuma ya sikio langu zima, nikalizungusha tena. Nilisubiri kukoroma, nilisubiri kile kilio cha sokoni. Ilikuwa kama kusikiliza ukuta.

Nati zilikuwa na kutu, nilizipaka mafuta na kungoja. Tuliongea habari za watoto wake. Zilipolegea nikafungua, nikavuta koni ya kwanza. Harufu ilitoka kabla sijaona kitu. Nta ya nyuki. Grisi ya njano, imezeeka, imekaza pembeni, lakini katikati laini, na gololi kumi zimelala ndani yake safi kama mayai. Ulimbo haukuwepo. Nikavuta ekseli nje. Nyuma ya koni kulikuwa na kipande cha utambi wa kandili kimezungushwa, nadhifu, mizunguko mitatu.

Nilikaa chini. Kigoda kilikuwa mbali, nikakaa mchangani.

Kiegei iko njia hiyo hiyo ya Kilimarondo. Mzee Ausi alikuwa msibani Kiegei. Athumani amepita pale gurudumu linalia, na Mzee Ausi asingeweza kuusikia mlio ule akaendelea kukaa mkekani. Amemsimamisha. Ametoa spana na lile kopo mfukoni, ameomba mafuta ya taa kwa wenye msiba, ameosha kazi yangu mbovu, amepaka grisi yake, amefunga utambi wake. Athumani amemshukuru, ameondoka kimya kama kivuli. Kimya hivyo hivyo akaingia pori la Kilimarondo saa ambayo tembo wanavuka kwenda mashambani. Mtu kwa miguu anasikika. Baiskeli inayolia inasikika kutoka mbali, mnyama anajiondokea. Gurudumu lililoamshwa vizuri halimwambii mtu yeyote kwamba unakuja. Unafika, uko katikati yao.

Mzee Ausi alilijua hilo tangu alipouliza, lilikuwa linalia? Akaanza kufunga mabati. Mimi aliniacha niitwe muuaji, Zaituni akamwacha aitwe jina lile, naye akaingia kaburini na kopo lake. Mtu aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Najua alimtengenezea Athumani kwa wema. Najua pia alikuwa na miaka mingi ya kufungua kinywa.

"Fundi," Bi Zaituni akasema. "Lilikuwaje?"

Watoto wa Mzee Ausi wapo Nachingwea, ni watu wazuri, na jina la baba yao linaheshimiwa mpaka leo. Ningeweza kukunja ule utambi kwenye ngumi. Niliuweka kwenye kiganja chake.

"Halikuwa linalia," nikasema. "Lilipofika kwako lilikuwa limeshapakwa grisi njiani, na Mzee Ausi. Huo ni utambi wake. Gurudumu lilikuwa kimya kabisa. Asingelisikia mtu yeyote."

Alitazama ule utambi. Nilitegemea kilio. Alisema kwa sauti ndogo sana, si kwangu:

"Basi nilikuwa macho."

Akarudia. "Nilikuwa macho."

Nilikwenda naye Mtua kwenye hitima ya mwaka huu. Niliomba kusema, nikasimama mbele ya watu na mikono yangu hii iliyopinda. Nilisema la mafuta ya ufuta, nikasema la Kiegei, nikaonyesha utambi. Mtoto mkubwa wa Mzee Ausi alikuwepo, aliondoka kabla ya chakula, na sijui kama tutaongea tena. Mwanahawa siku hizi haoni, wanamshika mkono. Aliomba apewe ule utambi, akaupapasa mwanzo mpaka mwisho kama anahesabu tasbihi. Halafu akauliza, "Wali huu kapika nani?" Wakamwambia, wako kapika wifi yako Halima, mke wa mdogo wako. Akasema, "Ondoeni. Nileteeni wa Zaituni."

Kwa hiyo vijana, amsheni vifaa vilivyolala. Mafuta ya taa, grisi, gololi kumi, acha kiasi cha kupumua. Halafu muulizeni mwenyewe anakwenda wapi, na akisema porini, fungeni bati.

Gurudumu Bi Zaituni aliniachia. Alisema yeye amemaliza nalo. Sikuongeza grisi wala sikuubadilisha utambi, nimerudisha kila kitu mahali pake na kulitundika kwenye ukumbi wangu. Upepo wa jioni ukija, linageuka, linakwenda, linarudi. Kipande cha bati nimekifunga kwenye spoku. Sasa likigeuka, nyumba nzima tunalisikia.